Redio ya Jirani: Mali ya Aliyekimbia ni ya Nani?



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba zake. Ndugu msomaji, makala hii inaanzia mahali ambapo pengine hukutarajia: kwenye gemu. Nakuomba uvumilie kidogo. Tutafika kwenye fiqhi, na tutafika Palma, kwetu.

Muhula uliopita, mwenzangu wa chumbani alipata gemu la zamani liitwalo Fallout 3. Lilitolewa mwaka 2008 na kampuni ya Bethesda, na kwa kuwa ni la zamani, linakubali hata kwenye kompyuta zetu hizi zinazopumua kwa shida. Baada ya Isha, tukimaliza kusoma au tukijidanganya kuwa tumemaliza, tulikuwa tunakaa watatu wanne, mmoja anacheza, wengine tunatoa ushauri.

Kisa chake ni hiki. Tarehe 23 Oktoba 2077, mataifa makubwa yanarushiana mabomu ya nyuklia na dunia inaungua. Miaka 200 baadaye, mwaka 2277, kijana aliyelelewa katika handaki chini ya ardhi anatoka nje kumtafuta baba yake. Anaukuta mji wa Washington na vitongoji vyake umekuwa magofu. Maji yana sumu ya mionzi, fedha ni vifuniko vya chupa za soda, na kila mtu ana bunduki. Kuanzia hapo hakuna anayekupangia njia. Unakwenda utakako, unaingia nyumba uitakayo, unasema na umtakaye, unaua au unasaidia.

Sitaki kulidharau gemu hili, kwa sababu lina mema yake. La kwanza ni uhuru huo wenyewe. Linakuuliza swali ambalo masomo yetu mengi hayatuulizi: pasipokuwa na polisi, hakimu wala mzazi, wewe ni nani? Mapema kabisa unafika mji uitwao Megaton, uliojengwa kuzunguka bomu ambalo halikulipuka. Mkuu wa usalama wa mji anakuomba ulizime bomu. Mtu mwingine, kwenye baa ya hapohapo, anakuahidi malipo ukikubali kulilipua na wakazi wote waliomo. Gemu halikuzuii kufanya lolote kati ya hayo mawili. Linakuacha na nafsi yako.

La pili ni kwamba linathamini maji. Baba anayetafutwa ni mwanasayansi, na ndoto yake ni mtambo wa kusafisha maji ili watu wote wanywe bure. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya maji kwenye kambi ya waliohama, kama nilivyopanga mimi Pemba, ataelewa kwa nini jambo hilo linaweza kubeba hadithi nzima.

La tatu limenishangaza zaidi. Ndani ya gemu, ukielekeza mkono kwenye kitu chenye mwenyewe, maandishi yanageuka mekundu kukuonya kuwa huo ni wizi. Ukikichukua, kipimo chako cha wema kinashuka, hata kama chumba ni kitupu na hakuna aliyekuona. Watengenezaji wenyewe hawakukusudia kutufundisha dini, lakini hapo wamegusa jambo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua: kutoonekana na watu si kutoonekana.

Sasa nije kwenye usiku ulionifanya niandike. Mwenzangu aliingia katika nyumba moja iliyoachwa. Chumbani, juu ya kitanda, palikuwa na mifupa ya watu wawili waliolala pamoja. Akafungua kabati la kando ya kitanda, akachukua vilivyokuwemo, akaondoka. Maandishi hayakuwa mekundu. Nikamuuliza, "Mbona unawachukulia vitu vyao?" Akacheka, "Bwana, hawa washakufa, mali ni ya anayeiona."

Wenzangu wote walicheka. Mimi nikatoka nje, nikasingizia simu.

Kwetu ni Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, karibu na Mto Ruvuma. Nyumbani tunasema Kimwani na Kiswahili, shuleni Kireno. Vita ya huku ilianza tarehe 5 Oktoba 2017, kundi la vijana wenye silaha lilipovamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Watu wanaliita kundi hilo Al-Shabab. Tarehe 24 Machi 2021 likafika kwetu. Ilikuwa Jumatano, ndani ya mwezi wa Shaabani. Simu zilikatika, milio ya risasi ikatoka pande zaidi ya moja. Watu wengine walikimbilia Afungi kwenye eneo la mradi wa gesi, wengine wakaelekea Ruvuma, wengine msituni, na wengine wakatafuta vyombo vya baharini vya kuwafikisha Pemba. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Nilikuwa na miaka 16.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani. Tulipokuwa tunatoka, mlango wake ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Mama alisimama, akatuambia: "Chukueni ule unga na dumu la maji. Fundi tutamlipa." Aliyasema kwa sauti, kana kwamba Fundi yuko ndani anasikia. Tukachukua. Mama alipogeuka, mimi nikachukua pia redio ndogo iliyokuwa dirishani, ile ya kuchaji kwa jua. Nikaificha ndani ya shati.

Unga ule tuliula siku tatu, sisi na watoto wa watu wengine tuliokuwa nao vichakani tukingoja chombo. Redio nayo ilifaa, maana usiku watu wazima walikuwa wanaisogelea kutafuta habari. Mama aliiona. Aliniangalia, hakusema neno, na hali yenyewe haikuwa ya kuulizana. Tulipofika Pemba tulishukia ufuoni Paquitequete pamoja na mamia ya watu. Ramadhani ikatukuta huko katikati ya Aprili. Siku moja ya Ramadhani hiyo niliiuza redio kwa metikali 500. Sehemu nikanunua vocha ya simu, sehemu sikumbuki.

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali langu. Mama na mimi tuliingia nyumba moja, saa moja, katika hofu moja. Je, tulifanya jambo moja?

Kuna atakayesema: mlikuwa katika dharura, na dharura huhalalisha. Ni kweli, Qur'ani katika Suratul-Baqara aya ya 173 inamwondolea dhambi aliyelazimika kula kilichoharamishwa, kwa sharti kwamba hakutamani wala hakuvuka mpaka. Lakini tazama masharti hayo mawili. Mafaqihi wakaongeza kanuni mbili ambazo ni vizuri kila mwanafunzi azijue. Ya kwanza: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Njaa inaruhusu unga. Njaa hairuhusu redio. Ya pili: dharura haifuti haki ya mtu mwingine. Mwenye njaa akila chakula cha mwenziwe hapati dhambi, lakini deni linabaki. Mama yangu hakusoma usulul-fiqhi, lakini maneno yake mlangoni mwa Fundi yalibeba kanuni zote mbili. Alichukua kilichohitajika, na papo hapo akakiri deni.

Sayyidna Umar (R.A), katika mwaka wa njaa kuu uitwao Mwaka wa Ramada, alisimamisha adhabu ya kukata mkono kwa wizi. Wengine hulitumia tukio hilo kana kwamba njaa iliondoa umiliki wa mali. Siyo. Kilichoondoka ni adhabu, kwa sababu ya shaka kwamba aliyeiba alilazimika. Mali ilibaki ya mwenyewe.

Atasema mwingine: lakini mwenyewe alikimbia, ameiacha. Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza ya gemu. Katika gemu hilo, kuachwa kwa nyumba ni sawa na kutokuwa na mwenyewe, na maiti hana haki juu ya kilichomo mfukoni mwake. Ukimpekua, kipimo hakishuki hata nukta. Kwetu sisi, aliyekufa ana warithi, na aliyekimbia hajaacha kumiliki. Suratul-Hashr aya ya 8 inawataja Muhajirina waliotolewa katika nyumba zao na mali zao. Walikuwa Madina mikono mitupu, vitu vyao viko mikononi mwa watu wengine Makka, na bado Qur'ani inaviita vyao. Na Mtume (S.A.W) mwenyewe, usiku wa kuhama, huku Makureshi wamepanga kumuua, alimwacha Sayyidna Ali (R.A) nyuma azirudishe amana za watu waliokuwa wameziweka kwake. Hakusema kwamba vita imeanza, kwa hiyo amana imekwisha.

Hata kitu kilichookotwa njiani, ambacho hakuna anayejua ni cha nani, kina utaratibu. Katika Hadithi aliyoipokea Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A), Mtume (S.A.W) alifundisha kwamba mwokotaji akitambue chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze mwaka mzima. Kuhusu kondoo aliyepotea aliruhusu achukuliwe, maana asipochukuliwa ataliwa na mbwa mwitu. Kuhusu ngamia alikasirika. Ngamia ana miguu yake na maji yake, aachwe mpaka mwenyewe amkute. Angalia jinsi sheria inavyotofautisha: kinachoharibika na kisichoharibika, kinachohitaji kuokolewa na kisichohitaji. Redio ya dirishani ilikuwa ngamia. Na mimi sikuhitaji kutangaza mwaka, nilimjua mwenyewe kwa jina na kwa sauti ya cherehani yake.

Kasoro ya pili ya gemu ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kile kipimo cha wema ni namba moja tu. Ukiiba, inashuka. Ukimpa ombaomba aliye nje ya mji wa Megaton chupa ya maji safi, inapanda. Kwa hiyo unaweza kumwibia huyu ukampa yule, na hesabu ikakaa sawa. Hata aliyelipua mji mzima anaweza, akigawa chupa za kutosha, kurudi kuhesabiwa mtu mwema. Waliokufa hawaulizwi.

Nilicheka nilipoligundua hilo, kisha nikanyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa naishi. Tangu Pemba nimekuwa mtu wa kutoa. Nimechangia visima, nimefuturisha, nimejitolea kwenye kamati ya ustawi ya jumuiya yetu. Kila nikitoa, kuna sauti ndani iliyokuwa inasema: ile redio sasa imelipwa. Nilikuwa nampa maji ombaomba wa Megaton.

Atauliza msomaji makini: je, Suratu Hud aya ya 114 haisemi kwamba mema huondoa maovu? Inasema, na hiyo ni rehema kubwa. Lakini wanazuoni wametenganisha haki ya Allah na haki za waja. Kilicho kati yako na Mola wako, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Kilicho kati yako na mja mwenzio, toba yake ina sharti la ziada: umrudishie haki yake au akusamehe. Mtume (S.A.W) aliwauliza masahaba wanamjua muflisi ni nani, kisha akawaeleza kwamba ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya yule, alimpiga mwingine. Mema yake yatagawiwa hao aliowadhulumu, na yakiisha kabla deni halijaisha, atabebeshwa dhambi zao. Huko hakuna namba moja ya jumla. Kila mdai ana jina lake.

Kwa haki, lazima nitaje kwamba watengenezaji wengine wa mfululizo huohuo waliiona kasoro hii. Katika Fallout: New Vegas, iliyotoka mwaka 2010 na kutengenezwa na kampuni ya Obsidian, kipimo cha zamani kipo, lakini pembeni yake kila mji na kila kundi lina kumbukumbu yake juu yako. Wema uliowafanyia na ubaya uliowafanyia huandikwa mbalimbali, na wema haufuti ubaya. Ukiwadhulumu watu wa mji huu, kuwasaidia wa mji ule hakukusafishi mbele yao. Hiyo iko karibu zaidi na ukweli.

Kasoro ya tatu ni ndogo ukiitazama juu juu. Miaka 200 imepita tangu mabomu, na mifupa ya watu bado iko vitandani. Watu wanaishi katika nyumba zilizojaa vifusi, na hakuna aliyefagia. Mama aliporudi Palma mwaka 2022, nyumba yetu haikuwa na bati hata moja. Nilimuuliza kwenye simu alianza na nini. Akasema: "Nilifagia uwanja." Wanaume walianza kwa kutafuta waliofia vichakani, wawazike. Aliyetengeneza gemu aliwaza kwamba binadamu akipoteza kila kitu atabaki mwindaji wa vitu. Mimi nimeona watu waliopoteza kila kitu, na jambo la kwanza walilolishika ni ufagio na jembe la kaburi. Gemu linajua kuonesha magofu. Halijui kuonesha watu wanaokataa kuwa magofu.

Baada ya usiku ule nilimweleza mwalimu wangu wa darsa jambo lote. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja: "Fundi yuko hai?" Nikasema sijui. Akaniambia nianze hapo. Akiwa hai, nimrudishie mfano wa kitu chake au thamani yake, au nimwombe anisamehe. Akiwa amefariki, haki ni ya warithi wake. Nikishindwa kabisa kumpata yeye wala wao baada ya kutafuta kikweli, wanazuoni wengi wameelekeza kuitoa sadaka kwa niaba ya mwenye haki, na siku akitokea, ana hiari: aridhie thawabu au alipwe chake. Kisha akaongeza: "Lakini usiikimbilie sadaka kabla hujatafuta. Watu wengi hupenda kumpa maskini wasiyemjua kuliko kumtazama usoni waliyemdhulumu."

Nikampigia mama. Nilipotaja redio, alinyamaza, kisha akasema: "Nilikuwa nangoja useme." Unga aliulipa zamani. Alipelekea mfuko mzima nyumbani kwa Fundi alipopata nafasi. Fundi mwenyewe hakurudi, hajulikani alipo tangu siku ile. Mkewe ndiye aliyerudi na watoto. Mama akanipa namba yake.

Nilichukua siku mbili kupiga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikajitambulisha, akafurahi, akaniuliza habari za masomo. Nikamwambia. Nilisema nilichukua redio, nikaiuza, nataka kuilipa, naomba anisamehe. Kimya kikawa kirefu nikadhani simu imekatika. Kisha akasema:

"Ile redio? Mimi nilidhani wameichukua wao."

Wao. Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwa miaka yote hiyo, katika hesabu yake ya vilivyoporwa na wale waliotuchomea mji, redio yangu ilikuwamo. Kwake, mkono uliopita dirishani ulikuwa mkono wao. Nami siku zote nimekuwa wa kwanza kusema kwamba wale hawaujui Uislamu, kwamba wanapora mali za watu kisha wanaziita ngawira. Maneno hayo ni ya kweli, na bado niliyasema nikiwa na deni mfukoni.

Alinisamehe. Alisema kwa upande wake amenisamehe, lakini watoto wana haki yao, na baba yao Allah ndiye anayejua aliko. Kwa hiyo nimenunua redio, ya kuchaji kwa jua kama ile, na likizo hii nitaipeleka mwenyewe. Mwalimu ameniambia hilo ndilo jibu zuri.

Ndugu yangu, sikuandiki haya ili ulifute gemu lako. Kama unacheza, cheza kwa kiasi, sala isikupite, na ucheze ukiwa na akili. Gemu hili lina sifa ya kuuliza swali zuri na kasoro ya kulijibu kwa namba. Jibu lenyewe utalikuta pengine kwenye kabati lako. Wengi wetu hapa chuoni tumetoka katika nchi zilizohama na zinazoendelea kuhama: Cabo Delgado, Goma, Sudan. Na hata aliyekulia kwenye amani ana kitu: kitabu alichoazima akahitimu mwenyewe, chaja iliyosahauliwa hosteli, deni dogo la kantini ambalo mwenye kantini ameshaona haya kuliuliza. Vyote hivyo vina mwenyewe.

Kabla hujatoa sadaka ya Ijumaa ijayo, jiulize kama kuna mtu unayeweza kumpigia simu kwanza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.